Folda ya Baba: kumfungulia kila mtu mlango wake kwenye kisanduku cha nyumbani kwa Linux

“Hizi si zangu,” baba alisema, akanisogezea kompyuta mpakato juu ya meza. “Picha zangu zimekwenda wapi?”

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, nyumbani Uyole, baridi ile ya Mbeya inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili hata kama chai yenyewe huna hamu nayo. Wiki moja kabla, kompyuta yake ya mezani ya miaka mingi, ile yenye Windows, ilikuwa imekufa moja kwa moja. Nikamtafutia mpakato wa mtumba, nikaweka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nikamwonyesha pa kubofya, nikarudi zangu mjini. Sikuwa na wasiwasi na picha. Picha hazikukaa kwenye ile kompyuta. Zilikaa kwenye kisanduku.

Kisanduku ndilo jina la nyumbani. Ni kifaa cha kuhifadhia mafaili kilichounganishwa na ruta kwa kebo, kina diski mbili ndani yake, kila moja nakala ya mwenzake, na kinakaa juu ya kabati la sebuleni, nyuma ya televisheni, pamoja na UPS yake, betri ya kukishikilia umeme ukikatika. Miezi ya mwanzo mama alikuwa akikifunika kitambaa cha kufuma ili kisishike vumbi, mpaka siku moja nilipokigusa nikakuta kinaunguza mkono. Sasa kitambaa kiko chini, kisanduku juu, na wote tumeridhika.

Humo ndani kila mtu wa nyumba ana folda yake. Baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka na kamera ya filamu kuanzia Igawilo, kupanda Isyonje, kushuka Kiwira mpaka Tukuyu, akipiga picha viazi, mahindi, pareto, na vitalu vya majaribio ya maharage hapo Uyole. Amestaafu, na kwa miaka miwili tumekuwa tukizipitisha zile negativu kwenye skana, nyingine tukiwa wawili, nyingine akiskani mwenyewe usiku wakati hana usingizi. Mtu akikwambia picha hizo hazionekani, unaacha chai.

Nikaitazama skrini. Kulikuwa na ankara za ofisi yangu, risiti za mafuta, na picha za mwanangu akijifunza kutembea. Kisanduku kilikuwa kimemfungulia baba chumba changu.

Na hakikuwa kimekosea. Siku ile naandaa mpakato nilitaka kuhakikisha mtandao unakubali, nikaingiza jina langu na nywila yangu, na kwa haraka ya kuwahi daladala ya Mwanjelwa nikachagua ikumbuke daima. Tangu dakika ile, yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta ile, kwa kisanduku alikuwa ni mimi.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu karibu kila shida niliyoiona ya folda za watumiaji kutoka Linux inaanzia hapa. Tunauliza “mbona folda haifunguki?” wakati swali la kuuliza ni “kifaa kinadhani anayebisha hodi ni nani?” Folda nyingi zinazogoma ziko salama salimini. Zimemgomea mtu asiyehusika.

Vifaa vingi vya aina hii vina milango miwili inayofanana majina. Mmoja unaitwa `home`. Ukiingia hapo, kifaa kinaangalia jina uliloingia nalo na kukupeleka moja kwa moja chumbani kwako. Baba akiingia anakuta vya baba, mama akiingia kwa mlango uleule anakuta vya mama. Wa pili ni `homes`, wenye herufi moja ya ziada, na huo ni korido yenye milango ya watu wote. Msimamizi wa kifaa anaipita korido yote. Mtu wa kawaida, hata akifika hapo, milango ya wenzake haimfungukii.

Baba alikuwa amejaribu yote miwili. Kwenye `home` akakuta ankara zangu. Kwenye `homes` akaona folda imeandikwa “baba”, akaibofya, akaambiwa hana ruhusa.

“Folda imeandikwa baba. Baba ni mimi. Halafu nakataliwa?”

Nilimjibu kwamba kisanduku kinanikataa mimi, yeye hakijamwona bado. Akanitazama kama anavyomtazama mkulima aliyemwambia amepanda mbegu siku sita kabla ya mvua.

Dawa ya siku ile ilichukua dakika tatu. Nilifungua programu inayotunza nywila zilizokumbukwa, nikaifuta ya kwangu, nikatoka kwenye akaunti na kuingia upya, kisha kwenye sehemu ya anwani ya kidirisha cha mafaili nikamwandikia:

`smb://baba@192.168.1.20/home`

Namba zile ni anwani ya kisanduku kwenye mtandao wa nyumbani, lakini lile neno `baba@` ndilo lililofanya kazi yote. Bila hilo, kompyuta huchukua jina lolote ililonalo na kubisha nalo. Akaingiza nywila yake mwenyewe, mimi nikageukia dirishani. Picha zikafunguka, za kwanza kabisa zikiwa viazi vya Isyonje vimepangwa kwenye magunia yaliyoshonwa kwa kamba ya katani.

Kabla ya dakika hizo tatu, lakini, nilikuwa nimempigia simu rafiki yangu mmoja anayejua haya mambo kuliko mimi. Akaniambia kwa roho safi: “Ingia kama msimamizi, piga 777 kwenye `homes` yote, mzee aendelee na picha zake.” Ushauri huu nimeusikia mara nyingi, na najua kwa nini unatolewa: unafanya kazi papo hapo. Saba ni jumla ya nne ya kusoma, mbili ya kuandika, na moja ya kutekeleza, ambayo kwa folda ina maana ya kupita ndani. Saba ya kwanza ni ya mwenye mali, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu wengine wote. Kwa hiyo 777 ni kung'oa milango ya nyumba nzima kwa sababu mtu mmoja amesahau ufunguo.

Na kwenye ile korido kuna folda ya mama. Mama ni mweka hazina wa kikoba. Daftari lao analiandika kwa mkono, halafu kila wiki analipiga picha kurasa zote kwa simu na kuziweka kwenye folda yake. Nani amekopa, nani amerejesha, nani ameomba aongezewe muda kwa sababu mume hajalipwa. Akina mama wale wamemwamini yeye, hawakumwamini mtoto wake anayejua Linux. Folda ya baba nayo ina hati ya shamba na vyeti vyake vya hospitali. Kung'oa milango hiyo ili picha za viazi zionekane nisingeweza kulala nalo.

Basi nikaamua kuipanga kazi yote upya, vizuri, na haya yanayofuata ndiyo niliyoyapata njiani.

Lugha ambayo kisanduku kinaongea na kompyuta za nyumbani inaitwa SMB, itifaki iliyozaliwa IBM miaka ya 1980 na kukuzwa na Microsoft ndani ya Windows. Linux tunaielewa lugha hiyo kwa sababu ya kijana mmoja wa Australia, Andrew Tridgell, ambaye mwishoni mwa 1991 na mwanzoni mwa 1992, akiwa mwanafunzi Canberra, alitaka kompyuta yake ya mezani izungumze na seva ya Unix, mfumo ambao Linux imeuiga. Akakaa anasikiliza kile mashine zinachoambiana kwenye waya, akaandika programu inayojibu vilevile. Baadaye jina la programu ikabidi libadilishwe, akaitafutia jingine kwa kuiambia kompyuta imtajie maneno ya kamusi yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Likatokea Samba. Visanduku vingi vya nyumbani, ukivifunua, ni Linux na Samba. Hata ule mlango wa `home` ni wazo la Samba: sehemu moja ya mipangilio inayoitwa `[homes]` ndiyo inayomtengenezea kila mtumiaji chumba chake pale anapobisha.

Ukitaka kuona milango ambayo kisanduku kinakuonyesha wewe, andika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

`smbclient -L //192.168.1.20 -U baba`

Badilisha jina la mwisho uweke la mtu mwingine na uone kama orodha inabadilika. Mimi huanza na amri hii kila mara, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Njia ya kidirisha cha mafaili inamtosha mtu anayetaka kufungua picha na kufunga. Baba haikumtosha. Programu yake ya kupanga picha ilikuwa inamwomba aonyeshe folda ilipo, na folda haionekani kwenye orodha yake. Sababu ni kwamba kidirisha cha mafaili hakikuipachika folda kwenye mti wa Linux kwa njia ya kawaida. Kiliifungulia pembeni, mahali panapoitwa `/run/user/1000/gvfs`, na programu nyingi hazijui kwenda kutafuta huko. Kwa kazi ya kila siku inabidi folda ipachikwe hasa, iwe kama diski iliyochomekwa.

Kupachika kunahitaji kifurushi cha `cifs-utils`. Kama hakipo, Linux inakulalamikia kuhusu aina ya mfumo wa mafaili na “superblock” mbaya, ujumbe wa kukutisha uone diski imeharibika. Haijaharibika. Sakinisha kifurushi, jaribu tena.

Kuna ujumbe mwingine ambao ulinila usiku mzima mwaka 2018, na sitaki ule wa mtu mwingine. Nilikuwa nimeweka Ubuntu 18.04, aina nyingine ya Linux, kwenye kompyuta yangu. Kidirisha cha mafaili kinafungua folda bila shida. Lakini nikipachika kwa terminali naambiwa `mount error(112): Host is down`, yaani mashine ile haiko hewani. Naipigia ping, amri ya kuuliza kama mashine iko hewani, inajibu. Nafungua ukurasa wake kwenye kivinjari, unafunguka. Nabadilisha kebo. Nawasha ruta upya. Saa nane za usiku bado nabadilisha kebo.

Kisanduku kilikuwa hewani muda wote. Tatizo lilikuwa lugha. Mpangilio wake ulikuwa umeachwa kwenye SMB ya toleo la kwanza tu, na keneli ya Linux, yaani kiini chake, kuanzia 4.13, iliyotoka Septemba 2017, iliacha kubisha hodi kwa toleo hilo isipokuwa umeiomba. Ilikuwa na sababu nzito. Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kwenye kompyuta duniani kote kwa kupitia udhaifu wa toleo hilohilo la kwanza katika Windows, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zilifikia kuahirisha miadi ya wagonjwa. Mtandaoni utaambiwa uongeze `vers=1.0` na maisha yaendelee. Usifanye hivyo kama una njia nyingine. Ingia kwenye ukurasa wa kisanduku, tafuta mipangilio ya SMB, pandisha toleo la juu liwe 3 na la chini liwe 2. Kwangu ilikuwa ni kubofya mara mbili. Usiku mzima kwa mibofyo miwili!

Turudi Uyole. Mpakato wa baba unatumiwa na mama pia, maana mama simu haimtoshi akitaka kuziona vizuri kurasa za daftari lake. Nikamfungulia kila mmoja akaunti yake ndani ya Linux: baba wa kwanza, mama wa pili. Hapa pana kitu ambacho wengi hawakijui, na mimi sikukijua. Ukipachika folda ya SMB kwa ufunguo wa baba, Linux inaitumia ruhusa ya baba kwa yeyote aliyekalia kompyuta ile. Kisanduku kinamwona baba tu. Mama akiingia kwenye akaunti yake na kufungua mahali palipopachikwa, kwa kisanduku yeye ni baba. Lile kosa langu la nywila iliyokumbukwa linarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo kila mmoja amepata mahali pake pa kupachika, na Linux yenyewe imewekwa kama mlinzi wa pili. Hii ndiyo mistari miwili iliyoko kwenye `/etc/fstab` ya mpakato ule, faili linaloiambia Linux ipachike nini na wapi:

`//192.168.1.20/home /mnt/baba cifs credentials=/root/.ufunguo-baba,uid=1000,gid=1000,file_mode=0600,dir_mode=0700,nofail,_netdev,x-systemd.automount 0 0`

`//192.168.1.20/home /mnt/mama cifs credentials=/root/.ufunguo-mama,uid=1001,gid=1001,file_mode=0600,dir_mode=0700,nofail,_netdev,x-systemd.automount 0 0`

Ona kwamba mlango ni uleule mmoja, `home`. Kinachotofautisha ni ufunguo. Kila faili la ufunguo lina mistari miwili tu, `username=` na `password=`, na limefungwa kwa `chmod 600` ili asilisome mtu yeyote isipokuwa msimamizi wa kompyuta. Usiiandike nywila kwenye amri yenyewe: inabaki kwenye historia ya terminali, na kama ina mkato ndani yake Linux inadhani mkato ule ni mwisho wa nywila, unakataliwa na huelewi kwa nini. Nywila ya mama ilikuwa na mkato.

Yale maneno `uid` na `gid` yanamwambia Linux mafaili yale ayahesabu kuwa ya nani. Bila hayo utaona kila kitu ni mali ya `root`, yaani msimamizi wa kompyuta. Kwa ruhusa za kawaida utasoma, lakini ukitaka kuhifadhi unagomewa. Na `dir_mode=0700` ndiyo inayomfanya baba, akijaribu kufungua `/mnt/mama`, akute mlango umefungwa, na mama vivyo hivyo kwa baba. Nimejaribu mbele yao wote wawili. Mama alitabasamu, hakusema kitu.

`nofail` na `x-systemd.automount` ni kwa ajili ya umeme. Yeyote anayeishi huku anajua masika yanavyokuwa: radi inapiga upande wa Rungwe, taa zinazima, zinarudi, zinazima tena. Umeme ukirudi, kompyuta inaamka haraka, kisanduku bado kinazungusha diski zake na kujikagua. Bila `nofail` kompyuta inaweza kuchelewa sana kuwaka kwa kumsubiri asiyekuwepo. Ukiiweka na ile ya pili, inawaka bila kumngoja mtu, na folda inapachikwa pale tu mtu anapoigusa. Upande wa pili wa shida hii ni pale ambapo mpakato una betri na kisanduku kimezimika: ukiandika `df`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, terminali inaganda, kidirisha cha mafaili kinaganda. Usiizime kompyuta kwa nguvu. Amri ya `sudo umount -l /mnt/baba` inaibandua ile folda bila kusubiri jibu, na kila kitu kinapumua.

Anwani nayo iwe ya kudumu. Niliipangia kwenye ruta, kisanduku kipewe 192.168.1.20 siku zote. Hilo ni la dakika moja, lakini ukilisahau, siku umeme ukirudi kisanduku kinaweza kupewa namba nyingine na mistari yako yote ya `fstab` ikawa inaita nyumba iliyohamwa.

Sasa kuna njia nyingine ambayo wapenzi wa Linux watakwambia ndiyo ya kwetu hasa, NFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984. Ni nyepesi, ina kasi, na inatunza umiliki wa mafaili kwa mtindo wa Unix. Nimeitumia na ninaipenda. Lakini kwa folda za watu nyumbani nimeiacha, na sababu yake nataka niieleze kwa tukio.

Niliwahi kuifungua `homes` kwa NFS kwa mtandao mzima wa nyumbani. Ili kompyuta yangu iweze kuandika, folda yangu kwenye kisanduku nikaipa umiliki wa namba 1000, kwa sababu kompyuta yangu ilinitambua kwa namba hiyo. Ikakubali, nikafurahi. Baada ya siku kadhaa mdogo wangu wa mwisho, anayesoma chuo hapahapa Mbeya, akaja likizo na mpakato wake wenye Ubuntu. Nikampachikia ile NFS naye aweke kazi zake. Jioni tukiwa tunamenya viazi jikoni akaniuliza taratibu, bila kuinua kichwa:

“Kaka, mkataba wako wa kazi unaisha mwezi wa kumi na mbili?”

Sikuwa nimemwambia mtu.

Hakuvunja chochote. Alibofya folda, ikafunguka. Tulipokaa pamoja tukaandika `ls -ln`, ile `n` inayoonyesha namba badala ya majina, na jibu likawa mbele yetu. Linux ndani kabisa haifanyi kazi na majina. Jina ni pambo la kutusaidia sisi. Inachoandika kwenye faili ni namba. Ubuntu, Debian na Mint zote zinampa mtumiaji wa kwanza namba 1000. Mimi kwenye kompyuta yangu ni 1000. Mdogo wangu kwenye yake ni 1000. Baba kwenye mpakato wake ni 1000. Na NFS, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaamini namba inayoletwa na kompyuta bila kudai nywila. Kompyuta ya mdogo wangu ilifika kwenye kisanduku ikasema “mimi ni 1000”, kisanduku kikasema karibu, folda yako ile pale.

Kuna dawa. Unaweza kumpangia kila mtu namba ya pekee inayofanana kwenye kompyuta zote na kwenye kisanduku. Unaweza kuruhusu kompyuta moja moja kwa anwani. Unaweza kuweka Kerberos, inayodai uthibitisho wa kweli. Ofisi yenye fundi wa kudumu inaweza. Nyumba ambayo fundi wake anakuja Jumamosi kwa daladala, hapana. SMB inadai jina na nywila kila inapobishiwa hodi, na kwa folda ya mtu hilo ndilo ninalolitaka. NFS nimeiachia folda ya filamu na muziki, vitu ambavyo yeyote akivifungua hakuna aliyeumia.

Mdogo wangu aliomba radhi. Aliyepaswa kuomba radhi ni mimi, na niliomba.

Jambo jingine kwa haraka: zile diski mbili zinazonakiliana zinakuokoa diski moja ikifa. Haziokoi faili ulilolifuta, maana limefutwa kwenye zote mbili sekunde ileile. Mwisho wa kila mwezi nachomeka diski ya nje kwenye kisanduku, kinanakili `homes` yote kikiwa kimeifunga kwa nywila, naondoka nayo kwenda kwangu Forest. Naibeba bila kuweza kuisoma: nywila yake wameichagua wao, iko kwenye bahasha kabatini kwa mama. Akaunti ya msimamizi pia nimeitenga na ya kwangu ya kawaida. Ninapoingia siku zote ni mtu wa kawaida mwenye chumba kimoja, na ya msimamizi naifungua kukiwa na kazi yake tu, nikiwa nimewaambia.

Pembeni ya `homes` kuna folda inayoitwa `familia`. Hiyo ni ya wote, kila mmoja anasoma na kuandika. Mtu akitaka kitu chake kionwe na wengine, anakitoa chumbani kwake mwenyewe na kukileta hapo.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi baba alinipigia simu usiku. Nikajua kimegoma kitu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Hakuna kilichoharibika. Nimeweka moja kwenye familia. Ukija iangalie.”

Nilipokwenda, mama alikuwa ameshaifungua. Ni picha ya shamba la pareto Isyonje, maua meupe mpaka ukingo wa juu, ukungu nyuma yake. Katikati amesimama msichana mwenye kapu begani, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja, anacheka na kitu kilichoko nje ya picha. Sikuwahi kuiona. Haikuwa kati ya zile tulizoskani pamoja.

“Nani kaiweka hii?” mama akaniuliza. Alikuwa amesogeza kiti karibu kabisa na skrini.

Nikafungua ukurasa wa kisanduku, nikamshushia mpaka kwenye jina la picha, nikamwonyesha kwa kidole safu ya mwenye faili. Imeandikwa: baba.